Njia Isiyo na Pa Kupishana

Tulipokwisha kumzika Maduhu, wanakwaya wa zamani tulibaki uani kwake hapa Kambarage, mjini Shinyanga, na matanga yakageuka kijiwe, kama mwenyewe angetaka. Mmoja alisimulia jinsi marehemu alivyomuuzia padri pampu ya maji isiyo na injini, mwingine akasimulia alivyoimba besi kwenye ubeti wa wanawake na akakataa kunyamaza. Kisha mama mmoja wa sauti ya pili akanigeukia. "Bebe Shija," akasema, yaani wewe Shija, "hebu tupe yale maporomoko." Nikamwambia maporomoko aliyajua Maduhu. "Maduhu ndiye huyo tumetoka kumfukia," akasema. "Sasa tukamuulize nani?" Wakacheka, nami nikasingizia mgongo, nikarudi nyumbani, maana nyumbani ndipo ninapopaweza. Mimi ni mtu wa ndani. Wako waliozaliwa na miguu. Mimi nilizaliwa na makalio, na kiti chochote kikinipokea huwa hatuachani mapema. Lakini usiku ule niliona si haki. Miaka yote Maduhu aliisimulia habari ile kwa namna yake: maji yalikuwa marefu kama mnara wa simu, nyani walipiga makofi, na mimi nililia. Hakuna nyani aliyepiga makofi. Kuhusu kulia, nilikuwa nimelowa uso mzima, kwa hiyo hakuna shahidi. Nauandika mwaka ule kama ulivyokuwa, na yeyote mwenye maporomoko yake mengine aende akayaandike.

Mwaka ule nilikuwa Kahama, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kidato cha nne nilikuwa nimekimaliza kwa namna ambayo haikumlazimisha mtu yeyote kuniandalia sherehe, na kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mizani na kusema "ongeza" au "sawa". Mgodi wa Buzwagi ulikuwa bado unajengwa, mji umefurika wageni kutoka kila pembe ya nchi, na vyumba vilipanda thamani mpaka mabanda ya kuku yakapigwa plasta na kupangishwa. Mimi na Maduhu tulipanga chumba kimoja. Nadhani chetu hakikuwahi kuwa banda, ingawa kulipokucha tulikuwa na hamu isiyo ya kawaida ya kuchakura. Yeye alitengeneza pampu za wachimbaji wadogo, zile za kutoa maji kwenye maduara, yaani mashimo yao, akirudi nyumbani ananuka dizeli mpaka ugali unaionja. Mimi nilirudi mweupe kwa pumba kama mzimu. Tulipika mlangoni, kwenye jiko la mkaa: ugali na dagaa, siku njema wali wa chenga niliopewa mashineni, na siku mbaya michembe, vile viazi vitamu vikavu ambavyo mama alinitumia kwa mfuko mzima, kana kwamba Kahama kuna njaa. Ukuta wa chumba haukufika darini, kwa hiyo maisha ya jirani yalikuwa pia yetu. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, na kila jioni alimwambia mkewe, "Kesho tunatoboa." Mkewe hakuwa na haraka. "Hiyo kesho yako," alimjibu siku moja huku akichambua mchicha, "mbona imeshaanza kuota ndevu?" Maduhu alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nikikumbuka ujana wangu sikumbuki nilikokwenda, maana sikwenda kokote. Nakumbuka chumba kile, moshi wake, na watu wawili upande wa pili wakibishana kuhusu kesho.

Jumamosi nilipanda basi kurudi Shinyanga, kwa ajili ya kwaya kwa maelezo niliyompa tajiri, na kwa ajili ya Minza kwa maelezo ya kweli. Minza alikuwa fundi cherehani karibu na soko, mrefu, mwenye maneno machache, na aliyapanga maneno hayo kama mtu anayepima kitambaa ghali. Posa yangu ilikuwa imepokelewa. Maduhu ndiye aliyekuwa mshenga, kwa sababu ni yeye tu kati ya rafiki zangu aliyeweza kuzungumza mchana kutwa bila kunywa maji. Kilichobaki ni wajomba wa Minza kukubali, na hadi wakubali nilikuwa na mtihani mmoja mkubwa, nao ni mama yake. Si kwamba Mama Minza alikuwa mkali. Alikuwa mkwe. Kwetu Wasukuma mwanaume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali mahali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anatoka njiani na kugeukia kichakani hadi mwenzake apite. Si chuki, ni heshima; na heshima hiyo ikivunjwa, hufutwa kwa kuku au mbuzi, kulingana na kosa na uchungu wa wajomba. Kijijini mambo hayo ni mepesi kwa kuwa vichaka vipo. Jaribu Kambarage, kwenye vichochoro vya maduka. Siku moja nilimwona kwa mbali anakuja na kikapu chake, nikajitosa kwenye duka la dawa za mifugo, na mwenye duka aliponikazia macho nikanunua dawa ya kupe. Sikuwa na hata mbuzi. Kwenye kwaya ndiko tulikopata nafuu, maana yeye alikaa na sauti ya pili, mimi na besi, na katikati Mungu aliweka safu nzima ya sauti ya tatu.

Safari ilianza na maneno ya Minza. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wateja wake, nimekaa vizuri, akaniambia bila kuinua macho kwenye mashine, "Wajomba wanasema wewe ni kuku wa kuatamia."

"Mimi?"

"Wanasema mwanaume hajawahi kwenda hata mnadani. Wakimwoza binti yao kwako, siku kukiwa na shida nje, nani atatoka?"

"Na wewe unasemaje?"

Akakata uzi kwa meno. "Mimi nasubiri kuona."

Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya akatangaza kwamba tumealikwa na kanisa la huko Morogoro, upande wa Milima ya Udzungwa, na kwamba baada ya kuimba wenyeji watatupeleka ndani ya hifadhi ya taifa kuona maporomoko. Nikanyoosha mkono wa kwanza. Maduhu aliniangalia kama mtu aliyeona kabati linatembea. Nilichokuwa sijui ni kwamba viti vya basi vingebaki, na kwamba kina mama waliokuwa hawana nia ya kwenda wangejazia. Asubuhi ya safari nilikuwa nimeshakaa dirishani, michembe mapajani, nilipomwona Mama Minza anapanda na begi lake. Nikainama, nikafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba. Nilisafiri hivyo, yeye mbele, mimi nyuma kabisa karibu na injini, na basi liliposimama kwa chakula nilikula nyuma ya basi nikiwa nimesimama kama mtu anayekimbia deni la kodi. Singida nilinunua kuku mzima wa kukaanga, nikamfunga kwenye gazeti na kumweka akiba. Mtu wa ndani akitoka nje hubeba jiko zima kichwani.

Tuliimba, tukapigiwa vigelegele, na kesho yake asubuhi tukapelekwa geti la hifadhi. Aliyetuongoza alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye buti na redio ya mkononi, akatuambia haya si yale maporomoko makubwa ya kwenye kalenda, ni madogo, matembezi mafupi tu, hata bibi zenu watafika. Kisha akatukagua kwa macho, akanisogeza mbele kabisa. "Wazito mbele," akasema, "ili wepesi wasituache." Nikaona ni jambo jema: mama mkwe atakuwa nyuma huko, mimi huku, msitu katikati. Sikukumbuka kwamba mwanamke aliyelima pamba na kuchota maji mbali tangu utotoni hawezi kukaa nyuma ya mtu anayeshinda kwenye mizani. Njia ilikuwa nyembamba kama ukingo wa jaruba la mpunga, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, mizizi imejitandaza kama mikono ya ombaomba. Juu kulikuwa na mbega wekundu wakiruka, wenzangu wakionyeshana. Mimi niliona visigino vya yule dada na kusikia moyo wangu. Kila kona nilipumzika. Na katika pumziko moja nilisikia nyuma ya Maduhu, aliyekuwa nyuma yangu, sauti niliyoijua.

"Mwambieni huyo mtu wa mbele kwamba njia si sebule."

"Bebe Shija," Maduhu akasema, mzito kama karani wa mahakama, "unaambiwa njia si sebule."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Mwambie basi na miguu isikie."

Hakuwa na pa kunipita, na mimi sikuwa na kichaka cha kutokea, maana kichaka chenyewe kilikuwa hewani. Kwaya nzima ikasimama nyuma yake kama magari kwenye mizani ya barabarani. Dada wa hifadhi akatuangalia mmoja mmoja. "Kwani hawa wamegombana?" akamuuliza Maduhu. "Hapana," Maduhu akamjibu. "Wanaheshimiana. Wangekuwa wamegombana tungeshafika."

Tulifika. Maporomoko yenyewe ni maji yanayoshuka kwenye jabali jeusi, yanatua kwenye bwawa dogo, kisha yanaendelea na safari zake. Watu wa kwetu tulikodoa macho. Shinyanga mtu hawezi kuona maji yanamwagika hivyo bila kukimbilia ndoo. Nikamsikia Mama Minza akiwaambia wenzake, "Na hakuna hata mmoja wa kukinga," kisha akacheka. Nilikuwa nimemfahamu mama yule tangu nikiwa mdogo, na tangu posa nilikuwa nimejifunza kivuli chake, kikapu chake na mwendo wake ili nivikwepe, lakini kicheko chake sikuwahi kukisikia. Kilikuwa kama cha Minza, ila hakikupimwa. Walivua viatu wakatia miguu majini, wakaimba. Mimi nilikaa nyuma ya jabali peke yangu na michembe yangu, nikitazama msitu kwa adabu.

Shida ilitukuta kwenye kushuka. Kulikuwa na kijito cha kuvuka kwa kukanyaga mawe, na yule dada akaangalia juu mlimani, mawingu yamekuwa meusi, akasema tufanye haraka, mvua ikinyesha huko kijito hiki hakivukiki. "Kila mtu amshike mkono anayemfuata," akaagiza. Wazito tulikuwa bado mbele. Maduhu, nadhani kwa makusudi ingawa alikana hadi kufa kwake, alikuwa amebaki kuokota kofia. Nikageuka kidogo na kuona ukingo wa kanga niliyoijua. Nikafanya alichofundishwa mtu wa kwetu: nikageuza uso upande wa pili, nikavua taulo shingoni, nikairusha ncha yake nyuma. Nikahisi limeshikwa. Tukavuka hivyo, mimi naangalia mkono wa kushoto, yeye, nilivyokuja kuambiwa, anaangalia wa kulia. Nilipokanyaga ukingo nikadhani naye ameshafika. Yeye naye aliposikia mimi nimekanyaga nchi kavu akadhani ni zamu yake. Tukaachia pamoja. Shahidi pekee ni taulo, nalo likaenda na maji. Nilisikia kishindo, nikageuka, nikamkuta amekaa kijitoni, maji kiunoni, mguu umekunjika chini ya jiwe. Wanawake walimtoa. Kifundo cha mguu kikaanza kuvimba tukikitazama, na alipojaribu kukikanyaga akakaa tena chini.

Watu wawili walijaribu kumbeba kwa kupishanisha mikono, lakini njia haikuruhusu wawili kwenda sambamba. Dada akaongea na redio, akaambiwa machela itakuja, ila si sasa. Radi ikalia juu. "Abebwe mgongoni," akasema. "Na mtu mmoja mwenye mwili." Wakatazamana. Wanaume wa kwaya waliokuja safarini walikuwa wazee wawili, tena wembamba kama nyuzi za gitaa, mwalimu mwenye ugonjwa wa kifua, na Maduhu ambaye goti lake liliwahi kugongwa na pampu. Kisha, polepole, kama watu wanaoona mlima kwa mara ya kwanza, wakanigeukia mimi.

"Yaya," Mama Minza akasema. Hapana. "Heri nilale hapa na hao mbega."

Nilitazama chini. Nilijua kinachonisubiri Kambarage. Mwanaume asiyetoka nje ametoka mara moja tu, na katika mara hiyo amemwangusha mkwe wake mtoni; na sasa amguse? Wajomba wasingehitaji hata kukaa kikao. Nikimwacha, nimekuwa yule kuku wa kuatamia waliyemsema. Maduhu akachechemea hadi katikati yetu, akavua kofia, na nikajua ameingia kwenye ushenga.

"Mama," akasema, "kosa likifutwa si linakuwa limefutwa?"

"Linafutwa kwa kitu."

"Kitu kipo." Akafungua mkoba wangu bila kuniuliza, akatoa gazeti, akalikunjua. Kuku wa Singida akajitokeza, amekauka kidogo pembeni lakini bado ana adabu zake. "Mkwe wako anatoa kuku."

Kisha kwaya nzima ikaanza kubishana, mvua ikinyemelea. Mzee mmoja akasema kuku wa heshima hutolewa mzima, mwenye manyoya. Mama wa sauti ya pili akasema huyu ni mzima, hesabu miguu. Mzee akasema hana kichwa. Mwalimu wa kwaya akasema kwa upande wa imani haoni tatizo, akaambiwa hakuna aliyemuuliza. Dada wa hifadhi akasema, "Jamani, mimi naomba tu mtu abebe mtu." Mama Minza alikuwa akimtazama kuku. Halafu akauliza, hakumuuliza Maduhu, aliiuliza hewa, "Aliyemkaanga aliweka chumvi?"

"Aliweka, mama," nikasema. Ndilo neno la kwanza nililomwambia maishani mwangu kama mkwe, nikiwa na magoti kwenye matope.

Akanyoosha mkono, akang'oa paja, akala. Mbele yangu. Alitafuna taratibu akinitazama usoni, na mimi sikuwa na pa kutazama ila naye. Hakuna aliyecheka, hata Maduhu. Wote walijua mwiko uliovunjwa pale ulikuwa mkubwa kuliko wa kubebana, na kwamba aliyeuvunja ni mwenyewe. Akapangusa vidole kwenye majani. "Haya," akasema. "Inama."

Nilimbeba. Sitaipamba sehemu hii. Njia iliyotuchukua muda mfupi kupanda ilirefuka kama hotuba, mvua ikatukuta katikati, na mbele yangu niliona buti za yule dada na baadaye sikuziona hata hizo. Mama Minza hakuwa mzito. Mimi ndiye niliyekuwa mzigo, kwa kuwa nilijibeba na mimi mwenyewe. Mahali fulani akasema karibu na sikio langu, "Unapumua kama treni ya mizigo." Baada ya kitambo akasema tena, kwa sauti nyingine, "Baba yake Minza naye alikuwa mtu wa ndani. Alikuwa akirudi jioni, nyumba inajaa." Nilikuwa nahesabu mizizi.

Tuliporudi, habari ilishatutangulia Shinyanga. Maduhu alisema si yeye. Wajomba waliniita Jumapili, nikakalishwa karibu na mlango kwenye sebule ya Mama Minza, yenye makochi ya vitambaa vyeupe vilivyofumwa na runinga iliyofunikwa kama bibi harusi. Walizungumza juu yangu kama vile ni gunia lililosahaulika pale. "Amemshika mama mkwe wake," mjomba mkubwa alisema. "Mapajani. Mbele ya watu wa kanisa." Mdogo wake akasema, "Na kwanza alimwangusha." Mwingine akauliza kama ni kweli alitoa kuku aliyepikwa, na alipoambiwa ni kweli akashika kichwa. Mjomba mkubwa akasema mambo ya namna hii yana jibu moja, posa irudi ilikotoka, na binti atapata mtu mwingine, hajaoza. Maduhu alifungua mdomo, akaambiwa aufunge. Huko uani tulisikia mwiko ukigonga sufuria, ukanyamaza. Mlangoni Minza alisimama na uzi shingoni, ananiangalia mimi tu, na kwa mara ya kwanza niliona maneno yake yamemwishia kabisa.

Mama Minza akaingia akichechemea, fimbo mkono mmoja. Hakupitia ukutani na uso pembeni kama inavyopasa. Akapita katikati ya sebule, akaketi kwenye kochi linalonielekea, magoti yetu karibu yagusane, wajomba wakahema kama watu waliomwagiwa maji.

"Shikamoo, mama," nikasema. Sauti ilitoka yenyewe.

"Marahaba, baba," akanijibu, kwa sauti ya kufika barabarani. "Umekula?"

"Bado."

Akaashiria, na Minza akaleta sinia ya wali na maziwa ya mgando, akaiweka mezani kati yangu na mama yake. Mama Minza akanawa, akanisogezea bakuli la maji. Nikanawa. Tukala, yeye upande wake, mimi upande wangu, kukiwa na sauti ya vidole tu na ya saa ya ukutani. Mjomba mkubwa alitutazama tonge la kwanza, la pili, la tatu. Mdogo wake akamtazama yeye. Hatimaye akakohoa, akakunja mikono ya shati.

"Minza," akasema, "tuletee na sisi maji ya kunawa."